VPN yangu ilivyochelewesha "ndiyo" ya baba na kukaribia kuvunja posa ya watu Laela

Wakuu, salamu kwenu mlioko kazini na mlioko vijiweni.

Haya yamenitokea mwenyewe, wiki hii hii. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wana ndugu humu jukwaani. Chumvi sitaongeza, yenyewe inayo ya kutosha.

Mnijue kidogo kwanza. Shule niliiacha kidato cha pili. Tangu hapo ni mtu wa kuhama. Nimeuza makava ya simu Mbeya, nimepakia magunia Mpanda, nimekaa Kigoma mpaka wenyeji wakanizoea, nikaondoka. Kila ninapofika nataka kujua kitu kinafanyaje kazi. Nafungua redio, nafungua pampu, nauliza maswali mpaka watu wanachoka.

Ubaya wangu ni kwamba kila kitu nakijua nusu.

Sumbawanga nilikaa wiki tatu kwa mshikaji wangu. Asubuhi hiyo niliamka na ile baridi mnayoijua, ukungu umefunika hata paa la jirani, nikakunja blanketi, nikamuaga, nikatoka na begi langu. Mpango sikuwa nao. Stendi nikapanda gari la kwanza lililokuwa linakaribia kujaa. Konda akasema Laela, nikasema sawa. Laela nimeipita mara nyingi nikienda Tunduma, ila kushuka sijawahi.

Pembeni yangu alikaa kijana amevaa koti la suti lililomzidi mabega. Dirisha lilikuwa wazi, upepo unakata, lakini yeye anafuta jasho. Tumwite Deo. Upande wake wa pili alikaa shangazi yake, Leokadia, mama wa makamo, amebeba bahasha kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaitazama simu yangu, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo simu yako inapiga ya kuonana sura?"

Nikamwambia inapiga vizuri sana. Hapo ndipo nilipojiingiza.

Hadithi yao ilikuwa hivi. Deo anamposa binti wa pale karibu na Laela, Skolastika. Posa ilishaahirishwa mara mbili kwa sababu baba yake Deo, Mzee Fidelis, ni fundi wa injini kwenye boti la mizigo la Kasanga, Ziwa Tanganyika. Likitakiwa kurudi, halirudi. Mara hii tena boti limekwama Mpulungu, upande wa Zambia, linapakia mzigo.

Kuahirisha mara ya tatu kusingewezekana. Upande wa binti walishatuma neno: leo tumsikie baba mwenyewe, au jambo hili tuliache.

Kwa nini wanamtaka baba mwenyewe? Shangazi alinieleza kwa sauti ya chini ingawa Deo alikuwa katikati yetu anasikia kila kitu. Mama yake Deo alifariki mapema, mtoto akalelewa na shangazi, baba yuko majini mwaka mzima. Watu wakaanza kusema mtoto si wake. Maneno hayo yamefika ukweni. Wale wazee walitaka kusikia baba akimtambua mwanae kwa kinywa chake.

Na Mzee Fidelis alikuwa amesema boti linang'oa nanga saa sita mchana kwa saa za kwetu. Wakishaingia ziwani, mtandao hakuna mpaka kesho.

Simu ya Deo ilikuwa imevunjika kioo tangu jana yake. Ya shangazi ni kitochi. Walikuwa wanakwenda na tumaini tu kwamba pale watapata ya kuazima. Nikawaambia wasihangaike, simu hii hapa, bando lipo, tena nina VPN inayoongeza kasi.

Wakuu, nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Nieleze hiyo VPN. Miezi kama miwili nyuma kuna ukurasa wa vipuri vya simu ulikuwa haufunguki kwangu. Jamaa mmoja Mbeya akaniwekea VPN ya bure, app inayopitisha internet yako nchi nyingine kwanza, akanichagulia nchi ya Uholanzi. Akaniambia kwa wenzetu internet inakimbia, ukipitia kwao na wewe unakimbia. Kwa mtu anayejua nusu, hilo liliingia akilini vizuri kabisa. Nikaiacha imewaka muda wote. (Najua hapa kwetu VPN ina utaratibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka. Sikuufuata. Hilo nimelikubali, tusilianzishe.)

Tangu siku hiyo internet yangu ilikuwa inaburuza. Nikalaumu mnara. Nikabadilisha laini. Nikalaumu mvua wakati ni kiangazi.

Tuendelee.

Tulifika saa tano kasoro. Uani walikuwa wamekaa wazee watano kwenye benchi na viti. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa binti, Mzee Kalolo, mtu mwembamba, anaongea polepole na halirudii neno. Tukaamkia mmoja mmoja. Nikatambulishwa kama kijana wa simu.

Mzee Kalolo akanitazama toka viatu mpaka kofia, akasema zamani posa ilikuja na mshenga, siku hizi inakuja na fundi. Wenzake wakacheka. Mimi pia nilicheka, huku nafungua simu.

Saa tano na dakika kumi nikapiga. Ikaita. Sura ya Mzee Fidelis ikatokea, nusu, imeganda mdomo wazi. Sauti ikakatika. Simu ikaandika inaunganisha upya.

Nikajua la kufanya. Nikaingia kwenye VPN, nikabadilisha nchi, nikaweka Marekani. Nilidhani naongeza nguvu.

Kabla haijaunganisha, lile app la bure likafungua tangazo la kamari kioo kizima, mwanamke anazungusha gurudumu, muziki juu, na simu nilishamkabidhi Mzee Kalolo. Mzee mmoja, katekista, aliyekaa pembeni yake akageuka kutazama migomba. Shangazi Leokadia aliniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Nikapiga tena. Nikamrudishia Mzee Kalolo simu, na safari hii picha ilikaa, ikawa ya ukungu lakini ilikaa. Nikashukuru moyoni. Kumbe hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi. Simu inayokatika, watu wanaona ni simu mbovu. Simu inayochelewa, watu hawaoni kitu.

Mzee Kalolo akasalimu, akauliza taratibu, "Fidelis, kijana huyu Deogratias unamtambua kuwa ni mwanao?"

Kimya.

Sura ya Mzee Fidelis kwenye kioo ipo, inatazama tu. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Wazee wakatazamana. Deo alikuwa amekaa chini, nikaona anashika goti lake kwa nguvu.

Mzee Kalolo akasubiri anavyoweza kusubiri mtu mzima, halafu akauliza swali la pili: "Au kuna jambo mnatuficha?"

Na hapo hapo, wakuu, sauti ya baba ikatoka kwenye simu, kubwa na safi: "Ndiyo. Ndiyo kabisa, mzee wangu."

Lile lilikuwa jibu la swali la kwanza. Lilikuwa njiani bado. Lakini uani pale nani angejua? Walichoona wao ni baba aliyeulizwa kuhusu mwanae akanyamaza, akaulizwa kama kuna siri akakubali.

Mzee Kalolo aliniwekea simu mapajani polepole. Akamgeukia shangazi, akamwambia bila hasira, "Dada, barua yako irudishe kwenye mkoba."

Shangazi akafungua mkoba, akairudisha. Deo hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa natamani ardhi inifunike. Simu ikakatika yenyewe. Saa ilikuwa tano na nusu.

Aliyetuokoa ni dada mkubwa wa Skolastika, anaitwa Oresta. Ana stationery pale Laela barabarani, anajazia watu fomu za mtandaoni. Alikuwa jikoni anasonga ugali, akatoka kuangalia kwa nini uani pamekuwa kimya. Mikono ina unga. Mzee mmoja akamsimulia kilichotokea. Akainama juu ya simu yangu bila kuishika.

"Kaka, hiyo alama ya ufunguo hapo juu ya kioo ni ya nini?"

Nikamwambia ni VPN, ya kuongeza kasi.

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani. Akauliza imeunganishwa wapi. Nikasema Marekani. Akaguna tu.

Angeweza kunieleza mimi peke yangu, lakini mimi sikuwa na kura pale. Alipiga magoti mbele ya baba yake mkubwa, akamwomba dakika tano tu, kisha waamue wanavyotaka. Mzee Kalolo akasema dakika tano hanyimwi mtu.

Oresta akafuta mikono, akachukua simu yake mwenyewe, akanipigia video call kutoka mlangoni pa jiko, hatua kama kumi kutoka tulipokaa. VPN yangu akasema niiache vilevile. Simu yangu akampa Mzee Kalolo aishike. Halafu akasema kwa sauti wote wasikie, "Baba mkubwa, nitazame mimi mdomo, halafu sikiliza simu."

Akasema moja, mbili, tatu. Akafunga mdomo. Akasimama anatutazama.

Ndipo simu mkononi mwa mzee ikaanza: moja, mbili, tatu.

Mzee mmoja akasema, "Toba," akaomba arudie. Akarudia. Mdomo umeshafungwa, simu ndiyo kwanza inaongea.

Kisha akaniambia niizime VPN. Tukaunganisha upya. Moja, mbili, tatu. Safari hii mdomo na simu vilikwenda karibu pamoja.

Akawaeleza kwa lugha ambayo kila mtu pale aliielewa, maana wote ni wakulima wa mahindi. Alisema, gunia linatoka hapa linakwenda Tunduma, ni barabara moja tu. Huyu kaka yeye analishona ndani ya gunia la pili, analipeleka kwanza ghala la mbali ng'ambo ya bahari, huko kuna foleni ya watu wa dunia nzima kwa sababu ghala ni la bure, linafunguliwa, ndipo linaanza safari ya kwenda Tunduma. Na jibu la Tunduma nalo linarudi kwa njia hiyo hiyo.

"Baba yake Deo hakunyamaza," akasema. "Maneno yake yalikuwa barabarani."

Mzee Kalolo akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tisa.

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata.

Nikapiga tena. Ikaita, ikaita. Shangazi alikuwa anasali kwa midomo tu. Deo alisimama kwa mara ya kwanza tangu tufike, akaja nyuma yangu.

Ikapokelewa. Sura safi, mpaka vinyweleo vya ndevu vinaonekana. Mzee Fidelis ana grisi shavuni, nyuma yake watu wanafungua kamba. Injini imeshawaka.

Mzee Kalolo hakuzunguka. Akauliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale.

Mzee Fidelis alijibu kabla swali halijapoa. Akavua kofia. "Ni mwanangu. Mama yake nilimzika mimi, na yeye nilimwacha kwa dada yangu kwa sababu ya kazi hii. Kosa la kutokuwepo ni langu. Msimtoze yeye."

Deo nyuma yangu nilisikia anavuta pumzi kama mtu aliyetoka kwenye maji. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na nadhani yeye pia alikuwa anasubiri kulisikia hilo, siyo wazee tu.

Mzee Kalolo akamwambia Fidelis asafiri salama. Halafu akanyoosha mkono kwa shangazi kuomba ile barua. Picha ikaganda, ikapotea, na mara hii kweli lilikuwa ziwa.

Sasa tulichojifunza, kwa wale wanaotumia bila kujua kama mimi.

VPN haikuongezei kasi ya nchi unayoichagua. Kasi yako mwanzo ni ya mnara wako, na VPN inaongeza safari juu yake. Kadiri seva, lile ghala la Oresta, ilivyo mbali ndivyo unavyochelewa. Ya bure inajaza watu. Na kule kufunga na kufungua kila kipande cha data kunaitesa simu ndogo kama yangu. Oresta aliniambia wapo ambao VPN huwasaidia, kama mtandao wao unabana huduma fulani kwa makusudi, ila hao ni wachache na mimi sikuwa mmoja wao. Ukihisi internet inaburuza, kabla hujalaumu mnara, tazama kama kuna alama ya ufunguo hapo juu.

Na usijitolee kwa jambo la watu kwa kitu unachokijua nusu. Hilo la pili linaniuma zaidi.

Jioni nilichukua begi langu niende kutafuta gesti pale barabarani. Mzee Kalolo akauliza kijana wa simu anakwenda wapi. Akasema mtu aliyekuja na upande wa mume halali gesti, hata kama nusura atuharibie. Nimepewa chumba cha nyuma, karibu na ghala la mahindi, blanketi mbili na ndoo ya maji ya moto. Ndipo ninapoandikia. Nakaa siku ngapi sijui.

Wakuu mnaojua mambo haya kwa undani, mnirekebishe nilipokosea, hasa hapo kwenye foleni ya seva. Na wewe kama VPN iliwahi kukuingiza kwenye aibu, weka hapa chini. Nisiwe peke yangu.