Mkono wa Mkwe na Jora la Bafta

Kanga ilinidondoka mwilini mbele ya mkwe wangu. Haya, nimelisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na mwingine, maana jirani yangu Mwanahawa huianza hadithi hii kila akipata watu wawili wa kumsikiliza, na yeye huianzia pale penye kicheko, akairuka sehemu yote ya jinsi nilivyodhulumiwa. Mimi naanzia kwenye dhuluma. Chekeni, lakini chekeni mkijua mwenye makosa ni nani.

Ilikuwa enzi za Mdachi, reli imekwisha kufika Morogoro na mji umejaa watu wa kila namna, na Tatu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa mwali, yuko ndani, siku yake ya kutolewa imekaribia. Kwetu sisi nguo ya mwali ni juu ya upande wa mama. Watu wa kwa baba yake wao huja kutazama tu, wakakaa mkekani kama mahakimu, na upande wa mama, dada akiwa kaburini, ulikuwa ni mimi. Mwali akitoka na nguo ya zamani hawasemi neno, wanaimba, na wimbo wa namna hiyo humfuata mtoto wa watu mpaka uzeeni (yuko mwanamke pale Bigwa ambaye hata wajukuu wake wanaujua wimbo wa kaniki yake iliyotoboka). Nikaapa kwamba mtoto wa dada yangu hataimbwa. Atatoka na bafta nyeupe mpya, doti nzima, mikono minane kamili, ajifunge na kujitanda na bado iburute nyuma kidogo, waone.

Basi nikauza tumbaku yangu yote, nikamchukua Mwanahawa, tukateremka mjini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa tope tupu, lile jekundu la kwetu linaloshika nguo kama deni. Nilivaa kanga yangu moja ya heshima. Ndani yake nilikuwa na kikaniki changu cha shambani, kimepauka, kina dirisha kubwa mahali ambapo sitawaambia, kwa sababu nani angekiona?

Duka lilikuwa karibu na stesheni, la Mhindi mmoja mzee, na mzee mwenyewe simlaumu, alikuwa chumba cha nyuma na shughuli zake. Mbele alimweka karani, kijana wa pwani aitwaye Sefu, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya viua, mswaki mdomoni. Tukasimama mbele yake. Mimi nikangoja shikamoo yangu, maana kijana mwenyewe mdogo kuliko binti yangu Salima. Nikangoja. Kumbe naye alikuwa anangoja yake!

"Nyinyi watu wa mlimani," akasema, mswaki hautoki, "hamjafundishwa kuamkia waungwana?"

Nikameza. Nilimeza kwa ajili ya Tatu, wallahi, si kwa ajili ya kitu kingine. Nikasema tumekuja kwa bafta. Akatuambia tusubiri pembeni, akamhudumia mke wa karani mmoja wa boma aliyeingia nyuma yetu, akamhudumia bwana mwenye mwavuli aliyeingia nyuma ya huyo mke wa karani, akazungumza na rafiki yake habari za ngoma ya Ijumaa, na Mwanahawa aliponyoosha kidole kuligusa jora lililokuwa mezani akampiga kofi la mkononi. Kofi! Mtu mzima mwenye wajukuu! "Msiguse, mtatuachia chawa," akasema, na wote mle dukani wakacheka, na yule mwenye mwavuli ndiye aliyecheka zaidi.

Mwishowe akaipokea pesa yangu, akaifungia kwenye sanduku kwanza, ndipo akaanza kupima. Sasa nyinyi mliozaliwa mkaikuta yadi hamjui, lakini wakati ule kitambaa kilipimwa kwa mkono wa mtu, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na ndiyo maana mwenye akili alikwenda dukani na ndugu yake mrefu. Huyu Sefu kwanza alikuwa mfupi. Halafu, juu ya ufupi aliopewa na Mungu, akaongeza wake: akakunja ngumi! Anapima toka kiwiko mpaka kwenye ngumi, mmoja, miwili, mitatu, haraka haraka, na mimi naiona doti ya Tatu inageuka kitambaa cha kufungia mtoto mchanga.

"Karani," nikasema, "nyoosha vidole, baba."

"Vidole vyangu vinakuhusu nini?"

"Ngumi si mkono."

"Mkono ni mkono. Ukiona huu mfupi, lete wako huko kwenu mapangoni."

"Nikileta mwenye mkono mrefu utapima kwa mkono wake?"

"Lete hata nyani, mbona wengi huko."

Nikawageukia watu. "Jamani, mmesikia?" Wakasema wamesikia, kwa furaha, maana mtu aliyekwisha kununua chake hana haraka ya kuondoka penye ugomvi. Damu ilikuwa inanichemka mpaka masikioni. Nikatoka.

Hapo ndipo nilipojiponza. Mkono mrefu kuliko yote ninaoujua duniani ni wa mkwe wangu, mume wa Salima, mtu anayechuma papai bila kutafuta mti wa kuangulia, na siku ile alikuwa akibeba magunia pale pale stesheni. Lakini ni mkwe! Mkwe hamkutani uso kwa uso, hamsemezani ila kwa kupitia mtu, na jina lake hulitaji hata ukiwa peke yako shambani. Mwanahawa akanishika kanga.

"Tafuta mwingine," akasema. "Hata yule muuza ndizi ana mkono."

"Wa muuza ndizi hautoshi."

"Mama Salima, hasira hasara."

"Nenda kamwite," nikasema.

Tukapanga vizuri, na mpaka leo nasema mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Mimi nitaingia kwanza, nijifunike kanga kichwani, nielekee ukutani kwenye magunia ya chumvi. Mkwe atasimama mlangoni, mgongo ndani, uso barabarani, asinione nisimwone. Mwanahawa atampelekea ncha ya bafta na kuhesabu. Ikawa hivyo. Nikiwa nimetazama chumvi yangu nikasikia Mwanahawa anasema "Mmoja!" na watu wakaguna, maana mmoja ule ulikuwa kama miwili ya Sefu. "Miwili!" Wakapiga makofi. Moyo wangu ukawa mweupe kabisa. Nikamwona Tatu anatoka nje anaburuta bafta, na wale mahakimu mkekani wanatafuta pa kutazama.

Ilipofika wa tano Sefu akasema basi. Nikasikia, sikuona, meza inasukumwa, na Mwanahawa anasema "Wewe, achia!" na Sefu anasema "Achia wewe, mwanaharamu!" Wameanza kuvutana. Mkwe wangu, maskini, alikwisha kujizungushia bafta mkononi ili asipoteze hesabu, na kugeuka hawezi kwa sababu mimi nipo ndani. Na mimi kugeuka siwezi kwa sababu yeye yupo mlangoni. Basi nikafanya la mtu mwenye adabu zake: nikafumba macho chini ya kanga, nikanyoosha mkono nyuma, nikapapasa, nikashika kitambaa cheupe, nikavuta kwa nguvu zangu zote za kulimia.

Ilikuwa kanzu ya Sefu.

Ilipasuka toka kwapani mpaka kwenye pindo. Alilia kama mbuzi, akanirukia, sijui alitaka kunishika au alijikwaa tu, lakini alichokishika ni kanga yangu, akaenda nayo chini. Mimi nikapiga ukelele. Na mkwe wangu, aliposikia mama mkwe wake anapiga ukelele, alisahau kila kitu, akageuka.

Aliniona. Aliuona mgongo wa kikaniki, pamoja na dirisha.

Nilitamani ardhi inimeze na ile chumvi. Yeye alifunika uso kwa mkono mmoja, akakimbia. Tatizo ni kwamba ule mkono mwingine bado ulikuwa umezungushiwa bafta, na jora likaruka mezani likamfuata, likatoka mlangoni likijikunjua, likavuka barabara, likaingia kwenye dimbwi moja na kutokea la pili, na mtu mwenyewe anakimbia kafumba macho kuelekea stesheni huku mkia mweupe unamrefuka nyuma, na mji mzima wa Morogoro umeacha kazi unatazama. Sefu akasimama mlangoni, nusu kanzu nusu mtu, akapiga kelele: "Mwizi! Kamateni mwizi!"

Hapo kwangu hapakuwa tena na cha kuchekesha, ingawa wengine waliendelea kucheka. Askari mmoja alikuwa njiani, akamtia mkwe wangu ngwala, akamkalia mgongoni. Nami nikakimbia vile vile nilivyo, nimejishika nyuma kwa mikono miwili.

"Si mwizi!" nikasema. "Ni mkwe wangu!"

Askari alikuwa mtu wa mbali, mambo yetu hayajui. "Jina lake nani?"

Nikanyamaza.

"Wewe, jina lako nani?" akamwuliza mwenyewe. Mkwe wangu akakaza uso kwenye tope. Asingetoa sauti mbele yangu, nami nikiwa katika hali ile, hata kama angechinjwa. Nikamtafuta Mwanahawa aseme yeye, lakini Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha duka, anafuta machozi ya kicheko, neno halimtoki (hiyo sehemu huwa hawaambii).

"Mama," akasema askari, "unasema ni mkwe wako na jina lake hulijui?"

"Nalijua. Siwezi kulitaja."

"Haya. Asiye na jina aliyekamatwa na mali ya mtu anakwenda boma, na boma ni hamsa ishirini." Akatoa kamba, akaanza kumfunga ile mikono mirefu.

Viboko ishirini na vitano, jamani. Nimewaona watu waliotoka kula vile viboko, wanalala kifudifudi mwezi mzima. Nikamfikiria Salima na mimba yake. Nikaachia mikono, dirisha lionekane kwa atakaye, nikapiga magoti kwenye tope nikamtazama mkwe wangu usoni, na nikalitaja jina lake, la kwake na la baba yake, kwa sauti, barabarani. Nikasema, "Huyu ni mume wa mwanangu, hajawahi kuiba hata muhogo, nimemleta mimi kupima kitambaa nilichokwisha kukilipia, kwa sababu karani yule alikunja ngumi, akatuambia tulete hata nyani." Mkwe wangu alikuwa amefumbua macho. Alikuwa analia, nami nikalia.

Askari akawauliza watu kama ni kweli. Wakasema kweli, wamesikia, hata yule bwana wa mwavuli (simsamehe, lakini alisema). Ndipo yule mzee Mhindi akatokea, akalitazama jora lake lililokuwa jeupe, akamtazama askari, akatikisa kichwa. Alileta mkasi, akakata pale pale njiani kipande kirefu bila kupima, akanitupia mabegani. Sijui kama alinionea huruma au alitaka tu nijifunike. Kwa Sefu alisema neno moja: "Ndani." Hakumwambia atuombe radhi.

Tuliifua ile bafta mtoni kwa majivu na kwa majani ya mpapai mpaka vidole vikachubuka. Ikatakata, ila pindo likabaki jekundu. Tatu akatoka nayo, ndefu, inaburuta, mzuri kuliko mama yake, na watu wa kwa baba yake wakaimba, ndiyo, wangekosaje? Lakini hawakumwimba yeye. Waliimba, "Bafta ya mama mdogo imekimbilia stesheni." Nikawachezea.

Halafu wazee wa ukoo wakakaa. Heshima ya mkwe imevunjwa, macho yameona, jina limetajwa, lazima itengenezwe. Mimi nikatoa tetea wangu anayetaga kila siku kwa ajili ya jina, mkwe wangu akatoa jogoo wake kwa ajili ya macho. Kuku wawili wamehama nyumba, watu wawili wasio na kosa wamelipishana, na aliyekunja ngumi, aliyempiga mtu mzima kofi, aliyetuita nyani, hakutoa hata unyoya! Wazee walisema yeye si mtu wa kwetu, mila haimfungi. Tetea mwenyewe Salima alimchinja siku ya pili.

Basi nimeapa. Nilitaka kuapa kwamba karani akinipunja tena nitanyamaza, nichukue kilichopo niende zangu, lakini hicho kiapo kingenivunjikia mlangoni. Nitamwambia anyooshe vidole, na akikataa nitakwenda kuutafuta mkono mrefu, nitauleta, na watakusanyika tena. Ila utakuwa mkono wa mtu baki.