Mlango wa Yule Kauboi

Nimefungua sanduku la bibi, ambalo sasa ni langu, na kanda ya video imenuka udi. Mara nimo tena kwenye mkeka wake, nyumbani kwake Bububu, sijaanza hata skuli.

Ilikuwa filamu ya kauboi, ya ajabu. Mtu anaburura mlango jangwani, anausimamisha mchangani, anaufungua. Hapo anatokea mama yangu, kavaa nguo za harusi, na vigelegele. Nilikuwa sijapata kumwona mama mahali pengine popote, kwa hiyo niliamini anaishi humo.

Siku hiyo mjomba alimleta mzungu anayekusanya filamu adimu. Mlango ulipoonekana, mgeni alishika kichwa kwa furaha. Mama alipotokea, akakishika tena.

"Anasema mwisho umefutwa, ikarikodiwa harusi ya dada juu yake," mjomba alieleza, "lakini anaitaka hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi, na mwanangu yumo ndani?" bibi alimkatiza. " Mwambie amalize chai yake aende zake."

Mimi nilikuwa nshaanza kulia. Nilidhani kanda ikichukuliwa, mama atafunguliwa mlango Ulaya, na hatojua njia ya kurudi. Au labda atapapenda? Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jana nilisoma mtandaoni wakusanyaji wakiulizana ni nani hasa anayetoka kwenye mlango ule, maana hakuna aliyeipata filamu na mwisho wake. Niliandika jibu, nikalifuta, nikaliandika tena. Hadi sasa sijalituma. Wao wanamtafuta mtu mwingine, nami sijui kama yupo.