Mpagazi Aliyeniunganishia Skrini Kahama

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane. Haya niliyaona kwa macho haya haya, mchana kweupe, na aliyeyaona pamoja nami bado yu hai.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla migodi mikubwa haijafunguliwa. Nilikuwa mchora ramani kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu, upande wa Bugarama. Mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi shimo la wachimbaji wadogo likaporomoka. Chini alikuwemo Masanja, mdogo wangu wa tumbo moja, na wenzake. Kila tulipochimba, udongo ulizidi kushuka.

Nilijua kuna handaki la zamani linalopita karibu nao, maana tulilipima wenyewe. Lakini ramani yake ilikuwa ndani ya laptopu ya kambini, na kioo cha laptopu kilikuwa kimepasuka, cheusi tii. Bosi alikuwa safarini. Wewe ungefanya nini? Niliibeba ile laptopu, nikachukua pikapu nikakimbilia Kahama, kwa Mhindi mmoja muuza vipuri, Baba Salma. Dukani kwake kulikuwa na kompyuta ya mezani.

"Baba Salma, niazime skrini yako. Mdogo wangu yuko chini ya ardhi!"

"Chukua, chukua!" Akachomoa waya mwenyewe.

Waya ulikataa kuingia nyuma ya laptopu. Kijino kimoja kwenye plagi kilikuwa kimepinda. Nikalazimisha, ukaingia nusu. Skrini nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nyeusi vilevile. Nikakaa sakafuni nikalia, mtu mzima mimi, wateja wananitazama.

Hapo akaingia mtu kutoka barabarani, yuko peku, mwili mzima umejaa vumbi la pumba kama wapagazi wa mashine za mpunga. Hakusalimia. Akachomoa plagi, akatoa sindano kwenye ukosi wa shati, akakinyoosha kile kijino taratibu. Akaipuliza plagi, akaichomeka, akakaza skrubu zake za pembeni. Kisha akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kimechorwa skrini ndogo.

Ramani ikatokea!

Ndipo nikaona kovu la chuma cha kulehemu kwenye dole gumba lake. Niamini, kovu lile nililijua. Alikuwa Lameki, fundi redio wa mtaa wa Kambarage, rafiki yangu. Nami nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake.

"Lameki?"

Akageuka. Akafungua mdomo, ukatoka mkoromo tu, kama wa mtu asiye na ulimi. Machozi yakachora mistari kwenye lile vumbi. Mara akashtuka, kama ng'ombe aliyesikia mluzi wa mchungaji, akatoka. Nilimkimbilia. Barabara ilijaa watu, yeye hayupo.

"Yule nani?" Baba Salma akaniuliza. "Nilidhani umekuja naye."

Nilinakili ramani kwenye karatasi, nikarudi mbio. Tuliingilia lile handaki, na jioni Masanja akatolewa hai. Wenzake hatukuwawahi.

Kwetu, mtu kama Lameki huitwa msukule. Mchawi anamchukua akamtumikishe, ninyi mnazika mgomba mkidhani ni maiti yake.

Habari haifichiki. Mama Lameki akanifuata kambini. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Mwanangu, nijibu neno moja tu. Ni yeye?"

Ningemdanganyaje yule mama?

"Ni yeye, mayu, mama yangu."

Aliuza ng'ombe, akahamia Kahama. Mpaka leo anazunguka kwenye mashine za mpunga, akiwafuta wapagazi vumbi usoni mmoja mmoja, akimwita mwanawe. Wengine, kwa huruma, humwitikia, "Naam, mama." Basi hapo hulia kama siku ya msiba.

Nakuonya wewe unayenisikiliza. Siku ukisaidiwa na mtu uliyemzika, usimwite jina mbele za watu. Pokea msaada, inamisha kichwa, nyamaza. Kuna mama mahali fulani aliyekwisha kumaliza kulia. Mwache hivyo hivyo.