Sura ya Mwisho ya Bi Kidawa

Kila ninapopita sokoni Dar nikakuta mapeasi ya Lushoto yameanza kulainika, hukumbuka vitabu. Shangazi Naomi, dada yake baba, alivundika mapeasi katika sanduku lilelile alilowekea riwaya zake, kwa hiyo kurasa zote za nyumbani kwetu Magamba zilinukia tunda lililoiva kupita kiasi.

Shangazi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane asiye na mtoto, naye ndiye aliyenilea. Tulipenda mno hadithi za Bi Kidawa, karani mstaafu wa posta aliyefichua maovu ya Tulieni, mji mdogo ambao, nawaambia kweli, haukuwahi kutulia hata wiki moja. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye akishona. Mhusika akidanganya, Shangazi alisimamisha cherehani na kumkemea kwa Kishambaa, kana kwamba humo kitabuni wangemsikia. Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kuchungulia mwisho.

Nilikuwa darasa la sita kitabu cha mwisho kilipotoka. Nyuma ya jalada mwandishi aliwaaga wasomaji wake. Baba alikileta kutoka Tanga wakati wa mvua, ukungu umeshuka hadi mlangoni. Shangazi alikuwa hashoni tena. Alilala karibu na jiko, amekonda, mablanketi yamemzidi uzito. Niliambiwa ni vidonda vya tumbo.

Safari hii aliyepotea Tulieni alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Shangazi alimshuku mwenye mashine ya kusaga, mimi nikamshuku mkewe, tukabishana mpaka uji ukaungua. Tulifurahi kama zamani.

Alasiri moja, tukiwa sura ya nne, alinishika mkono.

"Fungua sura ya mwisho."

"Shangazi! Si wewe uliyekataza?"

"Nilikataza, na leo nimeruhusu."

"Tutaharibu utamu."

"Soma, mama. Polepole."

Nikasoma huku nimenuna. Mkosaji alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu ambaye hatukumfikiria hata kidogo. Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Yule mpole! Yule anayeimba amefumba macho!" Kisha Bi Kidawa akafunga nyumba yake, akapanda basi kwenda kuishi kwa dada yake, na hadithi ikaishia hapo. Shangazi aliniomba niirudie sentensi ile ya basi.

"Amekwenda salama," akasema. "Haya, turudi sura ya nne. Tumtazame huyo mwongo anavyojipitisha."

Basi tukarudi. Kila mwalimu wa kwaya alipotokea akiwapa watu pole, Shangazi alinikonyeza, nami, ingawa nilikuwa bado na kinyongo, nikajikuta nacheka. Sauti yake ilizidi kufifia. Mwishowe alikuwa akinibonyeza kiganja tu badala ya kusema. Hatukukimaliza. Asubuhi moja niliitwa kutoka darasani, na nilipofika nyumbani nilikuta wanawake wa usharika wamejaa mikekani, na mlango wa chumba chake umefungwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ugonjwa ulimpunguzia subira, ukamfanya avunje sheria yake mwenyewe. Nilikuwa mtu mzima baba aliponiambia kwamba ilikuwa saratani, na kwamba daktari alikuwa amemweleza Shangazi wazi kabla kitabu hakijafika. Alikuwa anajua hatafika mwisho kwa kufuata kurasa.

Hilo la kuuruka mkondo wa hadithi nililielewa upesi. Lililonichukua muda ni kule kurudi sura ya nne. Siri alikuwa ameshaijua, na nguvu zilikuwa zinamwisha. Angeweza kuniambia nifunge kitabu, alale. Hakutaka. Alitaka siku zake zilizobaki zipite akiwa nami, ananisikiliza nikisoma. Mtoto wa darasa la sita, mwenye hasira za kuharibiwa hadithi, angelijuaje hilo?