Siku Nilipohamishia Programu Kwenye Kadi ya Mama Mkwe

Simu yangu ina miaka sita, umri ambao kwa simu ni uzee wa kutembelea mkongojo. Nilipofika ukweni Jumatatu ile, kijiji kimoja cha mwambao wa Nyasa si mbali na Mbamba Bay, ilikataa hata kupiga picha ya mbuzi. Iliandika tu: Hifadhi imejaa. Mbuzi akasubiri kidogo, kisha akaondoka.

Lilikuwa jambo la kuudhi, maana nilikuwa nimeitwa kwa kazi. Mama mkwe ndiye mtunzi na mwimbishaji wa kikundi cha kioda cha kijiji chake. Kioda ni ngoma ya wanawake wa huku ziwani: magauni meupe, viatu vyeupe, mwendo wa taratibu kama gwaride la watu wasio na haraka, na juu ya utulivu wote huo, nyimbo zenye maneno ya kuchoma. Mwaka uliotangulia walialikwa na kikundi cha ng'ambo ya ghuba, wakaimbiwa wimbo mzima kuhusu ugali wao wa muhogo, kwamba haujawahi kuiva tangu kijiji kianze. Hawakuwa na jibu. Sasa zamu ya kualika ilikuwa yao, siku ilikuwa Jumamosi, na kwa mwaka mzima mama mkwe alikuwa akitunga majibu. Zilifika nyimbo kumi na tatu. Mimi nilitakiwa kuja kuirekodi ngoma ya Jumamosi kwa video, kwa sababu ndimi mkwe niliyesoma.

Nina shahada mbili. Hakuna hata moja inayohusu simu, lakini ukweni hawatofautishi, na mimi sijawahi kuwasahihisha.

"Futa picha, baba," mke wangu alisema. "Una picha mia nne za miche ya kahawa."

"Ni kumbukumbu ya ukuaji."

"Ni mche mmoja."

Hakukosea. Lakini zaidi ya mche kulikuwa na salamu: maua mekundu yenye maneno ya Jumapili njema, njiwa wanaonitakia asubuhi ya baraka, kutoka kundi la ukoo, kundi la jumuiya ya parokia na kundi la tuliosoma pamoja. Wengi wa watumaji ni wakubwa wangu. Kufuta salamu ya baba mkubwa ni sawa na kumpita njiani bila shikamoo, na sisi Wamatengo wa milimani tuna mambo mengi ya kujibu mbele ya Mungu bila kuongeza hilo.

Nikamweleza mke wangu, kwa ile sauti yangu ya mhadhara, kwamba ipo njia ya kitaalamu. Unachukua memori kadi, unaichomeka, kisha unahamishia programu zako huko. Simu inabaki nyepesi. Hakuna anayefutwa, hakuna anayeumia.

Mama mkwe alikuwa barazani, amekaa upande upande kama ilivyo desturi. Kati yetu kuna heshima ya masafa. Hanitazami usoni, na neno lolote zito hulipitisha kwa binti yake, hata nikiwa hatua mbili kutoka kwake.

"Muulize mwenzako," alisema, "hiyo kadi anayoisema ni kama hii?" Akaitoa kwa ukucha kutoka kwenye kiredio chake kidogo, kile cha kupigia nyimbo.

"Ndiyo hiyohiyo, mama," nilisema.

"Basi mpe afanyie kazi yake."

Mke wangu aliishika ile kadi kama mtu aliyepewa yai. "Mama, si ndiyo yenye nyimbo zenu za Jumamosi?"

"Nyimbo zimo humu." Alikigonga kiredio kichwani kwa upendo. "Tumezipigia humu tangu mvua za kwanza. Kimeshazishika."

Hapo ndipo msomi alipotakiwa kufungua mdomo. Sikuufungua, kwa sababu nadharia yangu haikuwa na nafuu yoyote kuliko yake. Nilijua vizuri kwamba nyimbo zimo kwenye kadi, si kwenye redio. Ila mimi niliifikiria kadi kama ghala la chama cha kahawa: ukileta magunia mapya, ya zamani yanasukumwa ukutani, yanabanana, maisha yanaendelea. Nyimbo kumi na tatu za akina mama zingesogea kidogo, programu zangu zingepata pa kukaa.

Nilichomeka kadi. Simu ikauliza kama kadi hii itakuwa ya kuhamahama au itakuwa sehemu ya simu. Nikachagua sehemu ya simu, kwa kuwa sipendi vitu vinavyohamahama. Ikaleta maelezo marefu yenye neno "vyote" na, mbele kidogo, neno "vitafutwa". Nikabonyeza Endelea. Niwe mkweli: nimewahi kufundisha, na nilikuwa nikiwakata alama wanafunzi wasiosoma swali hadi mwisho.

Kisha nikahamisha programu kumi na moja, moja baada ya nyingine, kwa raha ya mtu anayepanga kabati. Dira ambayo sijawahi kuitumia, maana kwetu ukipotea unauliza. Programu ya kuhesabu hatua. Ya kujifunza Kifaransa, ambamo nimefika somo la pili. Nafasi ikafunguka. Nilipiga picha ya kiwiko cha mke wangu, ikakubali mara moja, na nililala nikijisifu.

Jumanne asubuhi wakaja wanawake kumi na wanane kwa mazoezi. Mama mkwe akawasha kiredio. Kikakoroma. Akakipiga kofi. Kikanyamaza.

"Kimepata baridi," alisema mmoja.

"Kinataka kadi yake," alisema mwingine, aliyekuwa na akili kuliko mimi.

Niliitoa kadi kwenye simu. Papo hapo programu zangu kumi na moja zikageuka rangi ya majivu, kama taa za nyumba iliyohamwa. Tukaichomeka kadi redioni. Haikutoa hata mstari. Nikawatazama usipa waliokuwa wakikauka vichanjani, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, nikaona wamelala kwa amani.

"Mkwe," alisema mama mmoja mnene ambaye katika kikundi hukaa mstari wa mbele, "umezila?"

"Watu wa milimani hao," akadakia jirani yake. "Wamezoea maharage. Kila unachompa anachemsha."

"Ungemwambia mapema kwamba hizo ni nyimbo, si maharage," wa tatu alimwambia mke wangu.

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku nne mbele, na ubeti wa kuongoza wa kila wimbo ulikuwa mle. Wao walijua viitikio tu. Mama mkwe mwenyewe, tangu nyimbo ziingie kwenye kadi, alikuwa ameacha kuzibeba kichwani. Aliziweka pale jinsi mtu anavyoweka kanga sandukuni.

"Mwambie mwenzako," alimwambia binti yake polepole, "kwamba sijakasirika."

Mke wangu akanigeukia. "Amekasirika," alisema.

Nilipanda bodaboda mpaka kwa fundi wa simu Mbamba Bay. Alikuwa mtu wa makamo kama mimi, mwenye miwani ya fundi saa. Aliichunguza simu, akaichunguza kadi, akanichunguza mimi.

"Nani alibonyeza?"

"Mimi."

"Wengi husema ni mtoto." Alionekana kuniheshimu kidogo kwa hilo. "Sasa sikiliza, mzee. Nyimbo hazijajificha humu. Nyumba imebomolewa, imejengwa nyingine, na hiyo nyingine imefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake umo kwenye simu yako. Redio haiwezi kuingia. Na hata ukiingia wewe, ndani kuna nini?"

"Dira," nilisema. "Na ya kuhesabu hatua."

"Basi hesabu hatua mpaka nyumbani."

Nilirudi na bodaboda, lakini rohoni nilitembea.

Mama mkwe alikuwa amejaribu kuzikumbuka akiwa amekaa kwenye kiti, na hakupata hata mstari. Nyimbo zile alizitunga akiwa kichanjani, akigeuza usipa, mikono ikienda na maneno yakija. Kwa hiyo dawa ilijulikana: arudi kichanjani, na mtu mwenye mwandiko wa haraka aandike. Mke wangu mwandiko wake ni mzuri na wa pole, kama wa kadi za harusi. Ulibaki mwandiko wangu. Lakini mama mkwe hawezi kumwimbia mkwe wake usoni maneno kama yale. Kuna ubeti mmoja kuhusu mwenyekiti wa ng'ambo na suruali yake ambao hata mke wangu aliposikia alijifunika kanga.

Akina mama walikaa kikao kifupi, wakatoa hukumu. Mama mkwe atageuza usipa kwenye kichanja cha upande wa ziwa. Mimi nitageuza kwenye kichanja cha upande wa nyumba, nikiwa nimempa mgongo, daftari kwapani. Hivyo yeye atakuwa anafanya kazi yake, mimi nitakuwa nafanya yangu, na kama nitasikia jambo, basi ni upepo.

Huku ziwani, mwanamume hageuzi usipa. Anavua, anauza, anasimulia. Nilisimama pale Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mikono inanuka, nageuza samaki wadogo kuliko kidole, nikiandika haraka kila upepo uliponijia kutoka nyuma. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu hapo karibu hawakujali heshima ya mkwe.

"Mwalimu, umehamishwa idara?"

"Upande wa kushoto bado wabichi, profesa."

"Mwacheni, anasomea shahada ya tatu."

Kufikia Alhamisi jioni tulikuwa na nyimbo tisa. Ijumaa asubuhi ukaja wa kumi, wa suruali. Nao ukaja ule wa kujibu ugali, na ulikuwa mkali kiasi kwamba nilichana karatasi kwa kalamu. Mmoja wa katikati ulipotea kabisa, wakasema si kitu. Lakini wa kumi na tatu haukuja, na huo ndio uliokuwa wa kufunga. Mwenyeji ndiye anayefunga ngoma. Ukifunga kwa wimbo ambao wageni wanaujua, umewapa ngoma waondoke nayo.

Kuanzia saa nane mchana upepo ulikata. Nilisikia mikono ikigeuza tu. Kisha akamwita binti yake.

"Muulize mwenzako. Ile simu, kabla ya kufuta, ilisema kitu?"

Mke wangu akaniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Ilisema vyote vitafutwa."

"Anasema ilisema vyote vitafutwa, mama."

"Naye akajibu nini?"

Nilitazama usipa. "Nilijibu endelea."

Mikono ikarudi kugeuza usipa. Baadaye nikasikia mluzi mdogo, kisha sauti ya chini ikipima maneno ya Kinyasa. Nikaandika mstari wa kwanza. Nikaandika wa pili. Nilikuwa katikati ya wa tatu, nikisifu moyoni jinsi unavyokwenda vizuri, ndipo nikatambua ninaandika kuhusu mimi. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

*Mkwe wetu kashuka toka milimani na simu mkononi,*
*Simu ikamwuliza, baba, nivimeze vyote?*
*Mkwe akasema endelea.*

Na kiitikio: *Endelea, endelea, na shahada zake mbili.* Niliandika yote, kwa mwandiko safi. Mahali pamoja nilisahihisha hata mizani.

Jumamosi wageni walifika kwa boti, magauni yamenyooshwa mpaka yanakata. Walipoanza tu tukaelewa kwamba habari za ziwani huvuka maji bila chombo. Walikuja na wimbo mpya: kwamba wenyeji hawana nyimbo mwaka huu, zimeliwa na simu, watawaimbia nini, watawaimbia ugali mbichi. Akina mama wetu walitazamana. Mimi nilishika simu mbele ya uso, kwa sababu ilikuwa ndogo lakini ilikuwa ndiyo ngao pekee niliyokuwa nayo. Kadi ilikuwa imerudi ndani yake, na haikugoma hata mara moja. Ningependa ingegoma.

Nyimbo kumi na moja zikapita, zikapigiwa vigelegele vya wastani. Wa suruali ukamfanya mwenyekiti wa ng'ambo aende kuangalia boti. Kisha mama mkwe akapuliza filimbi, akageuka, akaanza ule wa kufunga.

Kufikia ubeti wa pili wageni walikuwa wameshaelewa kwamba wimbo wao wenyewe umefika umechelewa. Huwezi kumsuta mtu kwa habari anayoisimulia mwenyewe, tena vizuri zaidi. Kufikia ubeti wa tatu mstari wao wa nyuma ulikuwa unaitikia, endelea, endelea. Mwimbishaji wao alipuliza filimbi mara mbili kuwakataza. Mara ya tatu filimbi ikamtoka mdomoni kwa kucheka.

Video ipo. Inatikisika kuanzia hapo mpaka mwisho, na pembeni anasikika mke wangu akiitikia kwa sauti kuliko wote.

Baada ya ngoma wageni walilishwa, ugali ukiwa umeiva mpaka kuelekea kuungua, kwa makusudi. Mwimbishaji wao akamwendea mama mkwe na kumwomba ule wimbo wa kufunga, wakauimbe kwao.

"Si wangu kuutoa," alisema mama mkwe. "Mwombeni mwenye habari. Yule pale, anayekula."

Wakaja wanne. Walinisalimia kwa adabu sana, wakaniomba ruhusa. Mdomo ulikuwa umejaa, nikaitikia kwa kichwa. Wakashukuru, wakaniomba na ruhusa ya kuongeza ubeti wao wenyewe. Nikameza, nikauliza ubeti gani.

Walisema bado hawajautunga. Ila wangependa kujua kwanza kama mimi, mtu wa milimani, nimewahi kuendesha mtumbwi.