Mlima wa Kidole Gumba

Fundi wa picha hafuti kosa, hulitafutia kazi. Ukimletea picha ya ua iliyotoka na ukungu, hukaza jicho moja, hugonga kipanya kwa ukucha na kuguna, "Huu ni ukungu wa alfajiri, mwanangu. Tuuongeze." Doa la mwanga hugeuka mwezi. Siku ile mwalimu mstaafu alileta picha ya ziwa, moja tu aliyokuwa nayo, na kidole gumba chake mwenyewe kimeziba nusu ya mbingu. Fundi hakukikata. Alikipaka ubuluu wa mbali, akamwaga theluji juu ya ukucha, kikawa mlima.

Mwalimu alikuwa bado anaikagua pale kaunta wakati shemeji yake, mtu ambaye, kwa maneno yake, hakuna mahali ambapo hajafika, alipochungulia begani. Mwalimu akajikunyata, leo ameumbuka.

"Ala! Mlima huu nimeupanda ujanani!"

Mwalimu akakificha kidole gumba mfukoni. Fundi hakucheka hata kwa jicho. "Kumbe! Ulipandia upande gani, mzee wangu?"

"Huu wa kulia, wenye mteremko mkali."

"Basi wewe ni shujaa," alisema fundi, na mashine ikaanza kuchapa nakala ya pili, kubwa kuliko ya mwalimu. "Itundike sebuleni, wajukuu waamini. Tuitie na fremu?"