Muhtasari wa Wiki wa Katibu Cosmas

Kazini kwake, kwenye ghala moja la Landover, huko Marekani, Cosmas hana cheo. Anafunua majarida ya habari ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kuyapiga picha kwa mashine, ukurasa baada ya ukurasa, ili yahifadhiwe kwenye kompyuta. Huko anaitwa "yule wa skana". Cheo chake kilikuwa mji wa jirani, Adelphi, kwenye chama cha Watanzania: Mheshimiwa Katibu. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili haachii jina kama hilo kirahisi.

Yale majarida yalimwingia kichwani. Aligundua kwamba mhariri wa mwaka 1911 wala hakuhangaika kwenda bungeni. Alikaa ofisini na mkasi, akakata magazeti ya miji kumi, akayachanganya, kisha akatangaza kwamba nchi nzima imeridhika na ushuru wa sukari. Nani aliiuliza nchi? Hakuna. Cosmas alimpenda mhariri huyo kama ndugu wa damu, maana yeye mwenyewe kila Jumapili, siku ya kikao cha chama, alikuwa na ovataimu kazini.

Basi miaka miwili hakukanyaga kikaoni. Mkasi wake ulikuwa simu: wanachama walimtumia sauti walizorekodi, naye wakati wa chakula cha mchana akaandika Muhtasari wa Wiki kwenye kundi la WhatsApp. Safari moja aliandika, "Ukumbi mzima ulisimama kwa furaha." Baadaye akaambiwa walisimama kwa sababu pilau ilikuwa imefika. Hakusahihisha.

Mwezi Machi ikamfikia sauti ya kikao kizito. Mwenyekiti, Mama Dorothea, ana adabu za kwao Bukoba, hamtaji mtu hadharani. Alisikika akisema, "Ndugu zangu, kuna kiongozi mwenzetu ametingwa mno na shughuli. Tumpumzishe." Yakafuata makofi.

Cosmas akajua papo hapo ni Fredy, mratibu wa michezo, mtu wa kuchelewa kila mahali. Akaandika kwa raha zake: "Uamuzi wa busara! Kiongozi asiyeonekana ni mzigo. Wanachama wote wamefurahi kumwona akiondoka. Tunauliza tu: mbona mlichelewa?"

Jioni mkewe, Benadetha, aliusoma muhtasari huo mara mbili, mwiko mkononi.

"Baba Anna, umeandika vizuri mno."

"Kalamu ni kipaji, mama."

"Ila aliyepumzishwa ni wewe. Nilikuwepo. Nilipiga makofi."

Cosmas alikimbilia simu aufute, akakuta Mama Dorothea ameshajibu: "Asante kwa kuupokea uamuzi kiungwana hivi." Chini yake vidole gumba sitini. Angekataaje tena, na kwa mdomo gani?

Jumapili iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda kukaa safu ya nyuma kabisa. Nusu ya watu aliokuwa akiwaandika hakuwajua hata kwa sura. Hakuna aliyemwita Mheshimiwa, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Fredy, katibu mpya, akamsogelea na daftari tupu.

"Kaka, nipe siri. Ulikuwa una-manage vipi kuandika vizuri vile?"

"Mimi usinifuate," Cosmas alisema. "Kaa pale mbele, usitoke mpaka waseme tumefunga."

Saa nane pilau ikaletwa. Ukumbi mzima ukasimama kwa furaha, naye akasimama nao, sahani mkononi.